Yah: Ngoma ya Kupokea Kimondo

Ndugu Mwandaaji,

 Huku Igamba mahindi tumeshavuna, kahawa ndiyo bado imetushika, na lile vumbi la barabarani ulilolilalamikia halijapungua. Nakuandikia kujibu rasimu ya tamasha la kimondo chetu cha Ndolezi uliyotuachia, ukiomba wazee tuisome na kuiboresha. Tumeisoma yote. Mwenye miwani aliwasomea wasio nayo, na mwisho wa kikao nikakabidhiwa kalamu mimi, kwa sababu nilifundisha historia shule ya msingi mpaka Serikali iliponipumzisha. Uliniamkia kabla hujaketi, kijana wangu, na marahaba niliyokuitikia ilitoka moyoni. Haya yafuatayo hayaifuti.

Nianze na pongezi, maana nikiziacha mwisho zitasahaulika. Umekumbuka vyoo. Umekumbuka kivuli, maji ya kunywa, na magari ya kuwatoa wanafunzi Vwawa na Mlowo hadi Ndolezi. Katika kurasa zote za rasimu yako, kipengele cha vyoo ndicho pekee kilichopita bila mzee kunyoosha mkono.

Ubishi ulianza kwenye kipengele cha burudani, pale ulipoandika kwamba wageni watakaribishwa kwa "ngoma ya asili ya Wanyiha ya kupokea kimondo kilipotua". Tuliulizana taratibu nani kati yetu anaijua ngoma hiyo. Bibi mmoja, aliyecheza ngoma za harusi na za mavuno za upande huu tangu usichana wake, alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama hao wapokeaji walipelekewa taarifa ya siku na saa.

Ndugu yangu, chuma cha tani 16 kikishuka kutoka mbinguni huku kinawaka hakipokewi. Kinakimbiwa. Na hata hao wa kukimbia hatuna uhakika nao, kwa sababu wataalamu walipokagua mahali pale hawakukuta alama ya shimo la kishindo, wakaona kwamba kimondo kimelala hapo maelfu ya miaka, hata mvua na udongo vikafuta nyayo zake. Maelfu ya miaka iliyopita hapakuwa na mtu wa kuitwa Mnyiha, wala Mnyamwanga, wala Msafwa. Unatuomba tucheze ngoma ya kumpokea mgeni aliyetutangulia sisi wenyewe kufika.

Labda utasema huo ni ukali wa chaki. Basi tuingie ndani zaidi, kwa sababu rasimu yako ina jambo jingine lililonikera kuliko ngoma. Umeandika kwamba wageni watasimama "ukingoni mwa shimo lililochimbwa na nguvu za anga". Nimesimama pale na wanafunzi wangu mara nyingi. Shimo lipo, na mgeni asiyeelezwa kitu atalitazama, atalitazama na jiwe lililo katikati, na atajijibu mwenyewe kwamba hapa ndipo lilipogota. Wengi hurudi makwao na jibu hilo. Lakini shimo lile lilichimbwa kwa jembe na sururu. Mpima ardhi W. H. Nott, aliyetoka Johannesburg, alipofikishwa kwenye jiwe hilo Oktoba 1930, ilikuwa imechomoza sehemu ya juu tu, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Udongo ukachimbwa kulizunguka, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake ili lisiporomoke, na baadaye nguzo ikatiwa saruji. Anachokiona mgeni leo, ukiacha jiwe lenyewe, ni kazi ya vibarua. Nott anatajwa katika kila maelezo ya kimondo, wao hawatajwi.

Hebu fikiria burudani iliyomo humo. Umepewa kazi ya kuchimba kando ya jiwe jeusi lisilo na fahari yoyote. Unachimba, linazidi kwenda chini. Unachimba tena, linazidi kupanuka. Asubuhi lina baridi ya kukata vidole, saa nane mchana huligusi. Ukiligonga kwa jembe linalia kama kengele ya kanisa. Mzungu anatembea huku na huko na daftari lake, hasemi kitu. Unadhani vibarua wale hawakuwa na maneno ya kuambiana? Mpe kijana yeyote wa kikundi cha maigizo cha Mlowo dakika kumi na sururu mbili, atakupa kipande cha kuvunja mbavu, na hatahitaji kudanganya hata kidogo. Rasimu yako imeliruka tukio hilo ambalo tuna hakika lilitokea, ikaenda kutafuta ambalo hatuna hakika nalo.

Kuhusu tarakimu nitapita upesi, ila siwezi kuacha kabisa. Vijitabu vya wageni kwa miaka mingi vimetaja tani 12. Orodha za kisayansi zinataja 16. Wewe umeandika 30. Urefu unaojulikana ni karibu mita 3, upana na kimo karibu mita 1, na mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye kichwa kizuri anaweza kuzidisha, akatia humo uzito wa chuma, akakuumbua mbele ya mgeni rasmi. Tena umeandika kuwa ni cha pili kwa ukubwa duniani. Wengine husema cha nane, na hata hiyo nane hutegemea unavyohesabu vipande vilivyoanguka pamoja. Kikubwa kuliko vyote kiko Namibia, kinaitwa Hoba, kina tani zipatazo 60, na kilionekana karibu mwaka 1920 mkulima alipokuwa akilima shamba lake. Watu wa Namibia wanacho cha kwanza na sijasikia wakijiongezea kilo. Sisi wa nane ndio tuna haraka ya kupanda cheo.

Sasa nije kwa mhunzi, maana hapa najua utadhani nimekuja na panga.

Pale kwenye kimondo husimuliwa habari ya mhunzi wa hapa petu aliyetafuta chuma akalikuta jiwe. Wewe umemchukua huyo mzee, ukampa misuli, mke mrembo na nyundo ya moto, ukamfanya achonge majembe kutoka kwenye kimondo na kuyagawa kwa vijiji vyote hadi mpakani Tunduma. Kwenye kikao waliokuwepo walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nakumbuka upande wa pili wa hadithi hii. Maandishi ya kitaalamu yamependa kusema kwamba wenyeji hawakuwa na masimulizi yoyote juu ya kimondo, na ukimya huo ukatumika kama ushahidi kwamba kilianguka zamani sana. Huenda ni kweli. Lakini najiuliza nani aliulizwa, kwa lugha gani, na mwulizaji alikuwa ameshika nini mkononi. Desemba ya mwaka ule ule wa 1930 alikuja Dakta Grantham wa idara ya jiolojia na msumeno wa chuma, akakata kipande cha kupeleka maabara. Mtu akija kwako na msumeno akauliza kama jiwe hili lina maana yoyote kwenu, busara ni kusema halina.

Kwa hiyo simfukuzi mhunzi. Namtaka jukwaani. Ninachoomba ni kwamba anayemleta aseme amemtoa wapi: "Wazee wa hapa husimulia kwamba..." Maneno matano tu hayo. Hayapunguzi utamu, watoto wetu wamelelewa kwa "paukwa pakawa" na hakuna hata mmoja aliyewahi kudhani kwamba Sungura alipewa kweli kesi na Fisi. Mtu wa Kiswahili anajua kuingia hadithini na kutoka. Anayemchanganya ni yule anayemsimulia hadithi kwa sauti ya mhadhiri.

Lakini majembe ya kimondo sitayakubali, na sababu yangu si ukali wa mwalimu. Ni kwamba majembe hayo ya uongo yanawafukuza jukwaani wahunzi wa kweli. Nchi hii ya Unyiha, pamoja na jirani zetu wa Ufipa, ilikuwa nchi ya mafundi wa chuma. Beverley Brock aliandika juu ya uhunzi wa Wanyiha miaka ya 1960, wakati wazee walioijua kazi hiyo bado wakiwepo. Walijenga matanuru marefu ya udongo, marefu kuliko mtu, wakayapakia mkaa na mawe yenye chuma tabaka juu ya tabaka, na moto ukavuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kushika mvukuto. Kilichotoka humo kilipelekwa kwenye tanuru dogo la pili, hilo sasa la mivukuto, kikasafishwa, ndipo kikafika kwenye nyundo. Kulikuwa na dawa na miiko. Fundi alijitenga na mkewe siku za kazi. Jembe lililotoka hapo lililima ulezi, na lilihesabiwa pia kwenye mahari. Kazi hii yote iliuawa na majembe ya dukani yaliyoletwa kutoka Ulaya kwa bei nafuu.

Angalia sasa kejeli iliyolala pale Ndolezi. Watu waliojua kutoa chuma kwenye mawe, kwa mkaa wa miti yao na udongo wa nchi yao, waliishi jirani na chuma kilichokuwa tayari kimeshayeyushwa mbinguni, asilimia kama 90 chuma na karibu 9 nikeli, bila kuchimba, bila kuchoma. Kilikuwa kimelala bure. Na hakikuwafaa kwa jembe hata moja, kwa sababu hakuna tanuru la kukimeza na hakuna patasi ya kukivunja. Ukienda kwenye ile ncha yake iliyochongoka utaziona alama za waliojaribu kujikatia kumbukumbu: makovu mafupi ya meno ya msumeno, mengine yameachwa katikati, mkataji akakata tamaa kabla chuma hakijakata. Sehemu nyingine zote zimejaa vibonyeo, kana kwamba mtu alikanda lile jiwe kwa dole gumba likiwa bado bichi. Hivyo vibonyeo ndivyo vilivyobaki vya safari ya kupita angani. Mtoto akiweka dole gumba lake humo humhitaji MC.

Ungetaka kuwaeleza wageni kwamba kwingine duniani watu walifaulu kutumia chuma cha mbinguni, ukweli upo na ni mtamu. Jambia lililozikwa na Farao Tutankhamun lilipimwa, na mwaka 2016 wapimaji wakatangaza kwamba chuma chake kilitoka kwenye kimondo. Wainuit wa Greenland walivunja vipande vidogo vidogo vya kimondo cha Cape York kwa mawe, wakatengeneza visu na ncha za mikuki, kizazi baada ya kizazi, mpaka Mmarekani Robert Peary alipomalizia kuhamisha mabonge yake makubwa mwaka 1897, yakaishia jumba la makumbusho mjini New York. Chetu angalau hakikupandishwa meli. Nafikiri uzito ulitusaidia kuliko sheria. Ulinzi wa kisheria ulikuja mwaka 1967 kilipotangazwa kuwa mnara wa kumbukumbu.

Ulipoona tunakunja nyuso, ulitutolea mfano wa Zanzibar. Ulisema wenzetu wanajua biashara, mgeni anapewa anachokitaka. Nimefika Zanzibar, nami nataka tuutazame mfano wako vizuri.

Pale Mkunazini, kwenye eneo la kanisa kuu la Anglikana, wageni huteremshwa ngazi kuingia vyumba viwili vya chini vyenye giza, dari ya kuinamisha kichwa na minyororo iliyolala sakafuni. Huambiwa watumwa walifungiwa humo wakisubiri kuuzwa. Watu hulia. Shida ni kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisheni miaka mingi baada ya Sultani Barghash kulifunga soko mwaka 1873, na wanahistoria wameshatia shaka kwa muda mrefu kama vyumba vile vilipata kumfunga mtumwa yeyote. Huenda vilikuwa vya hospitali. Sasa, soko lilikuwepo kweli, mahali pale pale. Watu waliuzwa kweli, kwa maelfu. Ukatili huo hauhitaji msaada wa mtu. Lakini mgeni akishajua kwamba amemwaga chozi kwenye stoo ya hospitali, anaondoka akilitilia shaka hata soko lenyewe. Nimemsikia mmoja kwenye boti ya kurudi Dar es Salaam akisema kwamba basi yote yale ni ya kuwalia watalii pesa. Hapo ndipo uongo mdogo unapodai riba, na anayeilipa si aliyekopa. Wanalipa wale waliouzwa.

Na nje ya vyumba hivyo, hatua chache tu, kuna kitu kinachonipa hoja yangu yote. Ni sanamu za watu watano zilizosimamishwa ndani ya shimo mwaka 1998 na msanii Clara Sörnäs wa Sweden. Hakuna anayedai kwamba wale ni watu wa kale. Ni saruji, kila mtu anaona ni saruji, imetengenezwa juzi; minyororo shingoni ndiyo ya zama zile. Watu wanalia hapo pia, tena bila ya kudanganywa. Sanaa ilikuja kama sanaa, chuma kikaja kama chuma, kila kimoja na kitambulisho chake. Mfano wako wa Zanzibar, kijana wangu, ulikuwa mzuri. Uligeukia mlango usio wenyewe tu.

Kisiwa cha Changuu sina haja ya kukirefusha. Kinauzwa kama kisiwa cha gereza, na lile gereza la miaka ya 1890 halikutumika kuwa gereza, likaishia kuwa karantini ya wasafiri. Bahati nzuri kuna kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mgeni akikosa wafungwa, anapata kobe wa kweli.

Karibu zaidi na kwetu kuna Kalenga, Iringa. Pale kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejipiga risasi Julai 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Fuvu lilitajwa hadi katika mkataba wa Versailles, na mwaka 1954 Gavana Twining akalikabidhi kwa Wahehe. Habari hiyo husimuliwa ikaishia hapo, kwa makofi. Nadra kuelezwa kwamba Twining alilipata kwenye jumba la makumbusho la Bremen, katikati ya mafuvu mengi ya watu waliochukuliwa Afrika, na kwamba lilichaguliwa kwa vipimo vya kichwa na tundu lililofanana na la risasi. Ukiniuliza mimi, sehemu iliyoachwa ndiyo nzito zaidi. Gavana anapita mbele ya rafu za mafuvu na rula. Mengine yale ni ya akina nani, na nani atayarudisha? Simulizi iliyonyooshwa imemheshimu Mtwa mmoja na kuwasahau wote waliobaki kwenye rafu. Sisemi fuvu si lake. Nasema watu wa Iringa ni wazima, wanaweza kuambiwa jinsi lilivyopatikana na bado wakavua kofia.

Najua jibu lako, kwa sababu ulishalitoa kikaoni kwa adabu. Ulisema mtu hatoki Tunduma na watoto watatu, akalipa nauli na kiingilio, ili asikie "wataalamu wanakadiria". Nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Nimefundisha miaka mingi kipindi cha mwisho cha mchana, najua darasa lililolala linavyofanana. Muongoza wageni anayekariri asilimia za nikeli, salfa na fosforasi kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya msibani hajawa mkweli zaidi ya wewe. Amekuwa mchovu zaidi tu. Nataka muziki. Nataka taa usiku ule wa tarehe 30 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2016 kwa ajili ya mawe ya angani, kukumbuka kishindo cha Tunguska huko Siberia mwaka 1908 kilicholaza msitu mzima chini. Nataka madereva wa malori wanaokaa foleni ya mpakani Tunduma siku na siku, bila la kufanya zaidi ya kuhesabu matairi ya aliye mbele, wasikie kwamba kuna kitu cha kutazama njia ya Mbozi. Jirani zetu wa Zambia nao waje. Wakinunua na kahawa yetu, sitaandika waraka wa kulalamika.

Ila tazama wenzako wanaojua kazi. Mamlaka ile ile ya Ngorongoro ambayo sasa ndiyo imekabidhiwa kimondo chetu inatunza pia nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.66, ambazo kikosi cha Mary Leakey kilizifukua mwaka 1978. Zile nyayo zenyewe zilifukiwa upya ili zisiharibike. Mgeni kwenye makumbusho ya Olduvai huonyeshwa nakala, na huambiwa kwamba ni nakala. Anainama, anapima mguu wake, anapiga picha, anafurahi. Hajawahi kudai arudishiwe kiingilio chake kwa kuwa alielezwa ukweli. Kama hilo linawezekana Olduvai, mbele ya watalii waliopanda ndege mbili kufika, linashindikanaje Ndolezi mbele ya mtu aliyepanda bodaboda?

Kwa hiyo wazee wamenituma na mbadala, wasije wakaambiwa wanajua kukataa tu. Lile igizo la vibarua wa 1930 tulitangulize. Grantham na msumeno wake awemo. Apewe chuma cha kweli cha kukata hapo hapo jukwaani, na watoto wamhesabie kwa sauti mpaka achoke. Mhunzi wa masimulizi aje baada yake, akitangazwa kuwa wa masimulizi. Kisha, na hapa ndipo tungependa fedha uliyoitengea mashine ya moshi ihamishiwe, lijengwe tanuru. Wazee wa Kihaya kule Kagera walifanya hivyo miaka ya 1970 kwa ajili ya utafiti wa mwanaakiolojia Peter Schmidt: waliokuwa wameifanya kazi hiyo ujanani waliyajenga matanuru upya, wakayawasha, wakatoa chuma. Sisi tumechelewa, mikono iliyojua haipo tena. Lakini maelezo ya Brock yapo, udongo upo, mavi ya chuma bado yanaokotwa mashambani, na vijana wa karakana za Vwawa wanaojua moto wapo. Huenda tanuru likagoma. Likigoma mbele ya watu, atangaze MC kwamba limegoma, na kwamba babu zetu halikuwagomea. Sijui burudani gani inashinda hiyo.

Yabaki mawili madogo ya utawala. Kwenye bajeti yako, mshereheshaji ana posho, mwimbaji kutoka Dar es Salaam ana malipo na hoteli, na wacheza ngoma wetu wana "viburudisho na fulana". Wamekuja kuniuliza fulana inalipa ada ya shule ipi. Watakuja kucheza ngoma ya mavuno, kwa jina lake, siku hiyo ya sherehe, na wanaomba walipwe fedha taslimu kabla ya mwimbaji kupanda jukwaani, kwani baada ya hapo huwa mnapotea wote. Na zile ngozi za chui ulizowapangia wavae, wamesema hawana na hawatatafuta. Wanyiha hawakuwa wakienda mavunoni kwa ngozi za chui, na kwa sheria ya sasa ngozi hiyo ni nyara ya Serikali. Mchezaji wetu akikutwa nayo, tamasha litaendelea bila yeye na sisi tutampelekea chakula mahabusu Vwawa. Watavaa kanga na mashati yao.

Tunasubiri rasimu ya pili. Ukija kuileta, tuma ujumbe mapema, tukuwekee kahawa.

Wako katika ujenzi wa mkoa wetu wa Songwe,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya wazee wa Igamba.

Nakala: Ofisi ya Mtendaji wa Kata, kikundi cha maigizo, ili waanze kutafuta sururu.